Karnivali ya Martinique ukiwa na boti ya matanga: fika mapema, na Jumatano usiondoke

Nianze na kosa letu kwanza. Mara ya kwanza tulifika Fort-de-France, mji mkuu wa kisiwa hiki cha Karibi, Jumanne jioni, tukatia nanga tukiwa hoi, tukaona watu wamevaa nyekundu mpaka barabara haionekani, tukapiga picha mbili tatu kutoka kwenye deki halafu tukalala. Asubuhi nahodha akasema haya sherehe imeisha, tung'oe. Tukang'oa. Tuko nje ya ghuba tayari tunapandisha tanga ndo tunasikia ngoma zinaanza upya kule nyuma, na sisi tunajiambia aah hao ni wa kumalizia tu. Kumbe siku yenyewe ndo ilikuwa hiyo. Karnivali nyingi za Karibi za kabla ya Kwaresima zinakufa Jumanne usiku, Trinidad ikifika saa sita ya usiku basi, ila Martinique wana siku ya nne, Jumatano ya Majivu, na ndo siku wanachoma sanamu la mfalme wao wa karnivali pale ufukoni kabisa, mita mia chache kutoka boti zinapolala. Mwaka uliofuata tukarudi kwa adabu. Haya ninayoandika ni ya safari ya pili.

Kwa nini Martinique na si Trinidad ambako kila mtu anakutaja? Trinidad ni kubwa sijakataa, lakini boti zinakaa Chaguaramas, kutoka hapo mpaka Port of Spain, mji mkuu kwenye karnivali yenyewe, unahitaji gari, na kama unataka kucheza ndani ya bendi ya mavazi unanunua vazi lako kwa hela ya maana. Fort-de-France unatia nanga mbele ya mji, unashuka kwenye kidau cha mpira, dakika tano uko barabarani, na kuingia kwenye msafara ni bure, unaunga tu nyuma ya ngoma. Huo msafara wa watu kuunga nyuma ya ngoma wenyewe wanauita vidé, utalisikia hilo neno kila dakika.

Hatua ya 1: piga hesabu ya tarehe

Inafuata Pasaka, kwa hiyo kila mwaka inahama. Chukua Pasaka, rudi nyuma siku 46, hapo ndo Jumatano ya Majivu, na siku zenyewe nne ni kuanzia Jumapili kabla yake. Mwaka 2027 Pasaka ni tarehe 28 Machi, kwa hiyo karnivali ni Jumapili tarehe 7 Februari mpaka Jumatano tarehe 10. Shamrashamra zinaanza mapema zaidi, toka Januari baada ya sikukuu ya Epifania kila Jumapili kuna vikundi barabarani, ukiwa na muda njoo wiki mbili kabla uone mazoezi, watu wachache na hakuna kusukumana.

Hatua ya 2: karatasi

Martinique ni Ufaransa kabisa, wanatumia euro, ila haimo ndani ya Schengen, ule ukanda wa Ulaya wa visa moja. Hii imewaliza wengi. Kama una pasipoti ya Tanzania au Kenya, visa ya Schengen uliyoombea Paris haikuingizi huku peke yake, lazima iwe imeandikwa kwamba inaruhusu maeneo ya ng'ambo ya Ufaransa, kwa hiyo unapojaza fomu sema wazi unaenda Martinique na kwamba unaingia kwa boti. Usimwachie nahodha hilo. Nahodha mwenye pasipoti ya Ulaya hajui hata kama hiyo shida ipo duniani.

Kliarensi yenyewe ya boti, yaani kuiandikisha unapoingia na unapotoka, ni nyepesi kuliko kisiwa chochote nilichopita. Unaenda kwenye duka la vifaa vya boti au marina, kuna kompyuta imewekwa, unajaza mwenyewe jina la boti, watu waliomo, ulikotoka, unachapa, wanagonga muhuri, unalipa euro chache, umemaliza. Tatizo ni siku. Jumatatu mpaka Jumatano ya karnivali kisiwa kizima kimefunga, na duka likifungwa na kompyuta yake imefungiwa ndani. Ingia kisheria Ijumaa, au mwisho kabisa Jumamosi asubuhi. Hiyohiyo Ijumaa toa hela kwenye mashine, jaza maji, nunua mkate na gesi.

Hatua ya 3: kufika

Wengi wanatokea Rodney Bay, Saint Lucia, ni maili 30 na kidogo za baharini, boti ya futi 40 inakula saa tano mpaka sita. Usiidharau. Miezi hii, wakati kwetu kaskazi inavuma, huku kuna upepo mkali wa mashariki unaoanza karibu na Krismasi, fundo 20 mpaka 25 (maili za baharini kwa saa) ni kawaida, na kwenye mlango kati ya visiwa viwili mawimbi ya Atlantiki yanapita bila kuzuiwa na kitu. Punguza tanga kabla hujatoka kwenye kivuli cha kisiwa, usisubiri mpaka boti imelala ubavu ndo mnaanza kupigana na kamba.

Njiani mkono wa kulia utapita Rocher du Diamant, jabali limesimama peke yake baharini, mita 175 juu. Mwaka 1804 Waingereza walipandisha mizinga juu yake wakaliandikisha jeshini kama meli, HMS Diamond Rock, wakawasumbua Wafaransa mwaka mzima na zaidi. Jiwe limeandikishwa meli! Haya tuendelee.

Ukishazunguka rasi ya kusini-magharibi ya kisiwa unageuka kuingia ghubani, na hapo upepo unakuja usoni moja kwa moja. Unaweza kupiga bisha, kwenda zigizaga kwa tanga, raha yake ipo, ila kama jua linashuka washa tu injini. Wanaotoka kaskazini, Dominica, wanapita chini ya mlima Pelée, upepo unakatika halafu unashuka kwa ghafla kama mtu kakumwagia ndoo. Kama una nafasi lala usiku mmoja Saint-Pierre. Huo ndo ulikuwa mji mkubwa wa kisiwa, na karnivali yake ndo ilikuwa inasifiwa, mpaka tarehe 8 Mei 1902 mlima ulipolipuka ukaua karibu watu wote ndani ya dakika chache, watu kama 28,000. Magofu yapo, na meli zilizozama siku ile bado ziko chini pale zinapolala boti.

Hatua ya 4: nanga

Sehemu yenyewe iko upande wa magharibi wa Fort Saint-Louis, ngome ya zamani ambayo mpaka leo ni kambi ya jeshi la majini, kwa hiyo usiisogelee sana. Kina ni mita 4 mpaka 6, tope na mchanga, inashika vizuri. Sisi tuliozoea Mombasa au Tanga kuna hesabu ya kichwani ya kupwa na kujaa ambayo haizimiki, nilikuwa naangalia maji kila saa nikitegemea yashuke, hayashuki, tofauti ya huku haifiki hata goti. Kwa hiyo mnyororo unaoupima asubuhi ni uleule wa jioni. Weka mara tano ya kina (hesabu na urefu wa omo, mbele ya boti, kutoka majini), rudi nyuma na injini uone imeshika, halafu kaa na chai nusu saa uangalie.

Mambo mawili hapa. La kwanza, acha njia ya feri za Trois-Îlets, mji wa ng'ambo ya ghuba, zinapita siku nzima na mawimbi yake yatamwaga chai yako, na ukiwa njiani kwao watakupigia honi mpaka uhame. La pili ndo kubwa, fika Ijumaa. Jumamosi mchana boti zinamiminika, na kila anayechelewa anatia nanga juu ya mnyororo wa mwenzake. Usiku wa Jumapili kulikuwa na mvua ya upepo, boti moja ikaanza kuburura nanga yake, sisi tuko matakoni mwake, bahati mmoja wetu alikuwa macho. Tangu hapo tukaweka zamu, kila siku mmoja anabaki botini. Inauma kubaki lakini ndo hivyo. Kama mko wawili tu na hamtaki kuachana, tieni nanga ng'ambo Anse Mitan halafu mje kwa feri, ila ulizeni mapema feri ya mwisho ya kurudi inaondoka saa ngapi siku hizo.

Hatua ya 5: kushuka

Gati la vidau lipo mbele ya La Savane, bustani kubwa ya mji. Funga kwa waya wa chuma na kufuli, injini nayo ifungwe, usiku kidau kipandishe juu usikiache kinaelea. Simu iwe ndani ya mfuko usioingiza maji kwa sababu utalowa, ubishi hapana. Viatu vya zamani vilivyofunika vidole, sandozi utaiacha katikati ya watu. Maji ya kunywa kwenye chupa ya plastiki, vioo usibebe. Pamba za masikio. Mimi nilicheka nilipoambiwa pamba, sikucheka tena nilipokutana na bwadjak: ni magari mabovu ya zamani, yamekatwakatwa, yamepakwa rangi za kila aina, vijana wamejaa mpaka juu ya paa, na dereva kazi yake ni kuibana injini mpaka eksozi ipasuke PAA kama bunduki. Moshi, mpira unaungua, watu wanashangilia. Fundi yeyote wa gereji kwetu angeshika kichwa.

Kubalianeni pa kukutania mkipotezana, kwa sababu mtapotezana na mtandao unaelemewa. Sisi tulichagua Bibliothèque Schoelcher, maktaba yenye kuba pembeni ya La Savane, huwezi kuikosa. Ilitengenezwa Ufaransa, ikaletwa vipande vipande kwa meli, ikafungua milango hapa 1893.

Hatua ya 6: vaa rangi ya siku

Hii ndo inakutenganisha na watalii wa meli kubwa. Hakuna tiketi, rangi ndo tiketi.

Jumapili hakuna sheria kali. Ni siku Vaval anatolewa nje, sanamu kubwa la mfalme wa karnivali, na linatengenezwa kwa siri, mji wote unasubiri kuona mwaka huu ni nani anasemwa, mara nyingi ni mwanasiasa au jambo lililowakera watu. Simama karibu na mtu mzima wa pale umuulize taratibu, atakueleza kila utani uliomo. Kifaransa kidogo kinasaidia, "bonjour" kabla ya swali lolote, ukiruka salamu umeharibu, kwenye hilo wako kama sisi tu.

Jumatatu ni harusi za vichekesho. Wanaume wanavaa magauni ya bibi harusi, wanawake suti na masharubu ya kuchora. Utaona baba mwenye ndevu na kitambi, shela kichwani, mimba ya mto, anashikwa mkono na mkewe aliyevaa koti la mzee. Tafuta gauni kuukuu mapema, mimi nilivaa pazia la kabini na nilisifiwa. Siku hiyohiyo alfajiri, kama saa kumi na moja, kuna vidé ya pajama, watu wanatoka kitandani na nguo za kulalia wanaingia barabarani. Miji ya kusini nayo ina msafara wake Jumatatu, ila usijigawe, baki ulipotia nanga.

Jumanne ni nyekundu, siku ya mashetani. Mtafute Papa djab: vazi jekundu la kitambaa, kichwa kizito chenye pembe za ng'ombe, na mwili mzima umeshonewa vioo vidogo. Jua la saa tisa likipiga pale, vile vioo vinarusha mwanga kwenye kuta za maduka na kwenye nyuso za watoto, nao wanakimbia huku wanapiga kelele kisha wanarudi haohao. Aimé Césaire, mshairi aliyekuwa meya wa mji huu kuanzia 1945 mpaka 2001, aliwahi kusimulia jinsi alivyoenda Casamance kule Senegal akakuta vazi la namna hiyo, na kule si shetani, ni vazi la walioingia jandoni. Waliovushwa bahari walifika na vazi lao, mzungu akalipa jina la ibilisi. Mimi nilisimama nikaliangalia tofauti kabisa baada ya kujua hivyo.

Siku yoyote unaweza kukutana na Nèg gwo siwo, vijana waliojipaka masizi na asali ya miwa mwili mzima mpaka wanang'aa, wanakumbusha watumwa waliotoroka mashamba. Wanakuja mbio, watu wanapasuka pembeni. Ukiwa na shati jeupe umeandikwa wewe. Mmoja alinishika mkono tu, laini kabisa, akaniachia vidole vitano vyeusi vinavyonata, nikarudi navyo botini na nyuki wawili. Kuna pia Marianne lapo fig aliyevishwa majani makavu ya mgomba toka shingoni mpaka miguuni, na Caroline zyé loli, mama anayembeba mume mlevi mgongoni, ukiangalia vizuri ni mtu mmoja tu, kiwiliwili cha mmoja ni cha kubandika, na sijui ni kipi mpaka leo.

Hatua ya 7: pa kusimama

Msafara unaanza kuchangamka saa tisa alasiri, na jua linazama saa kumi na mbili na kitu. Saa nane tafuta kivuli upande wa magharibi wa barabara, ukuta uwe mgongoni. Angalia dakika kama arobaini umesimama, uelewe vikundi vinavyopita, halafu ingia. Usibaki pembeni siku nzima. Vikundi vya miguu ndo utamu wenyewe, ngoma nyingi ni mapipa na madumu ya plastiki, nyuma tarumbeta, mtu na kombe lake la baharini analipuliza. Tanbou Bô Kannal na Plastic System Band ni majina ambayo utayasikia kwa wenyeji, wakipita hao barabara inasogea yenyewe. Ingia nyuma ya wapigaji, si katikati yao na si mbele. Hawakimbii wala hawatembei, ni mwendo wa katikati, magoti yamelegea kidogo, baada ya kona mbili mguu unajua wenyewe. Ukichoka toka kwa pembeni, usisimame ghafla.

Kula unapoona foleni. Akra za samaki, kama bajia, zikiwa moto, na maandazi ya karnivali yaliyopakwa sukari, kama mahamri bila iliki. Boudin ni soseji ya damu ya nguruwe, Waislamu mjue kabla hamjaonja. Na ramu ya huku inatoka kwenye maji mabichi ya miwa, asilimia 50 au 55, kikombe kinaonekana kidogo lakini kumbuka una kidau cha kuendesha gizani kati ya boti themanini. Mwenye zamu ya kuendesha anywe maji ya muwa tu.

Hatua ya 8: Jumatano

Leo ni nyeusi na nyeupe. Mji mzima umefiwa. Wanaume na wanawake wamevaa kama wajane wa Vaval, leso mkononi, uso umepakwa unga, wanalia kwa sauti huku kiuno kinacheza, na kilio chenyewe kina mpangilio, mmoja anaanza kundi linaitikia. Kwa mtu aliyekulia kwenye misiba ya kwetu inachanganya kwanza, unataka kunyamaza kwa heshima, halafu bibi mmoja wa miaka sabini anakukonyeza. Tembea nao mchana wote. Hii siku ngoma ni ileile lakini watu wanajua kesho ni kazi na Kwaresima, wanatumia kila kilichobaki.

Sasa hapa ndo boti inapata faida yake. Vaval anachomwa jua likishazama, ukingoni mwa bahari, na umati unajaa pale mpaka huoni kitu kama si mrefu. Sisi tuligawanyika. Wawili walibaki na wajane, wawili tulirudi kwenye kidau saa kumi na moja na nusu kabla gati halijafungamana, tukakaa kwenye deki taa zote zimezimwa. Moto ulipowaka tuliona ghuba yote imekuwa ya rangi ya chungwa, milingoti yote inaonekana mara moja, na ile sauti ya maelfu wakilia ikaja juu ya maji imechelewa kidogo kuliko moto. Walioko ufukoni walisema wao waliona migongo ya watu na moshi, ila walilia kweli. Chagueni wenyewe. Mimi mwaka mwingine nitakwenda kulia.

Hatua ya 9: Alhamisi

Usiondoke usiku huo, kuna vidau visivyo na taa kila mahali na nahodha wako kanywa. Lala. Alhamisi maduka yanafungua, nenda kwenye ileile kompyuta ukafanye kliarensi ya kutoka. Kabla ya hapo angalia juu ya boti: upepo ulileta majivu ya Vaval usiku, meusi madogo madogo, yamejaa kwenye turubai na kwenye mikunjo ya tanga kubwa. Yasugue kabla hayajalowa umande yakaingia kwenye kitambaa, tanga lipigwe na upepo kwanza likiwa kavu halafu ndo maji. Sisi tulipiga deki, kwa maana zote mbili, mpaka saa nne asubuhi, na yale mabaki ya asali ya miwa kwenye kamba ya usukani hayakutoka mpaka tumefika Dominica.